Upepo wa Kompyuta ya Evelyn

Siku hizo mtaa wa Soweto, Moshi mjini, ulikuwa bado na vishamba vya mahindi kati ya nyumba na nyumba, na kwenye kona ya kibanda cha Evelyn cha kuchapa na kutoa fotokopi palikuwa na benchi la mbao za mgrevilea, mguu wake mmoja umesimamia tofali. Hapo ndipo Lukresia, mama yake Evelyn, aliposhusha birika lake la kahawa kila asubuhi, akapanga vikombe na sinia la kashata, akawangoja wale wa kwake. Alikuwepo Filemon wa Kibosho, waliyembandika jina la Mnada, maana tangu wanunuzi binafsi waanze kuzunguka vihambani, kwenye mashamba ya majumbani, kununua kahawa, yeye hakuacha kusimulia minada ya enzi za ushirika. Na kichekesho ni kwamba alilima kahawa tangu ujana wake, lakini kuinywa alianzia pale benchini. Alikuwepo Eliakim, fundi wa malori, aliyeitwa Rejeta, kwa kuwa gari likiumwa chochote, hata taa, yeye alianza kwa kufungua rejeta ya kupozea injini. Na alikuwepo Ronald, kijana aliyerudi kutoka Dar na cheti cha kompyuta na miwani ya jua, wakamwita Dotikomu. Ukikaa pale nusu saa, unaondoka umesikia mambo ya dunia nzima, na hakuna hata moja la kweli.

Siku hiyo benchi lilikuwa limebeba mgonjwa. Kompyuta ya Evelyn ilikuwa imetolewa nje, ubavu wake mmoja umefunguliwa, waya wa umeme umevutwa kutoka ndani ya kibanda mpaka ukakaza kama kamba ya mbuzi. Ilikuwa ikiwashwa, inakwenda kidogo, halafu inazimika yenyewe, pu, kama mtu aliyekata simu kwa hasira.

Wengine waliona bati na nyaya. Lukresia alimwona Primus.

Maana Primus, marehemu mumewe, alikuwemo mle ndani. Mwaka themanini na nane, nyumbani kwao Kibosho, Primus aliyekuwa mwalimu wa kwaya aliazima redio ya kanda, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Kanda ile ilidumu kuliko yeye. Mwaka juzi Evelyn akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, akaihamishia sauti ya baba yake humo, na heri alifanya hivyo, kwa kuwa haukupita mwezi kanda ikasokotwa na redio, ikatoka kama tambi. Sasa mama yake Primus, bibi Ndelilio, alikuwa amelala mgonjwa huko juu Kibosho, macho hayaoni tena, na tangu Jumapili alikuwa anakataa hata mtori wa ndizi. Alikuwa na neno moja tu: nileteeni sauti ya Primus. Nyumbani kwake umeme ulikuwa haujafika. Palikuwa na redio ya betri. Kwa hiyo sauti ilipaswa itoke kwenye kompyuta na kurudi kwenye kanda, na redio ya Lukresia haikuwa na tundu la kuingizia sauti, ilikuwa na maiki yake tu pembeni. Basi walipanga hivi: kompyuta iimbe kwenye spika zake, redio isikilize, kanda ijae. Wimbo wenyewe si mrefu. Lakini kompyuta ilikuwa haifiki hata ubeti wa pili, na Filemon alikuwa anapandisha Kibosho jioni hiyo na gari la jirani yake, Lukresia awe ndani.

— Hii ni joto, — alisema Dotikomu, ameinamia kasha. — Prosesa inachemka. Ikichemka inajizima yenyewe, isiungue.

— Ina akili kuliko dereva wa Isuzu, — alisema Rejeta. — Mimi nimewahi kuletewa gari limeungua mpaka pistoni zimeshikana, dereva ananiambia, fundi, nilisikia harufu nikadhani ni nyama choma za njiani.

— Prosesa ndiyo ipi? — aliuliza Filemon.

— Hii, meku, mzee wangu. Hapa chini ya feni. Ndiyo ubongo.

— Na feni ya nini juu ya ubongo?

— Inapoza.

Filemon alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena.

Dotikomu alijaribu kuizungusha ile feni kwa kidole. Haikuzunguka. Akaikaza miwani, akavuta kitu. Kikaja kirefu, cha njano. Akavuta, kikaja tena.

— Huu ni uzi.

— Uzi? — Evelyn alitoka kibandani.

— Uzi wa kufumia. Umejisokota kwenye mhimili wa feni mpaka imekufa.

Wote wakageuka kutazama mlango wa kibanda, mahali pale pa meza ya kompyuta, palipotandazwa kitambaa kizuri cha njano chenye maua pembeni. Lukresia alikuwa amekifuma mwenyewe kipindi cha mvua. Televisheni za watu zina vitambaa vyao, redio zina vyao, makochi yana vyao. Yeye angeachaje mumewe akae uchi kwenye bati? Kila jioni alikifunika kichwa cha kompyuta na mgongo wake, akaviweka sawa vishada vikaning'inia nyuma, pale penye vitundu.

— Mama, — alisema Evelyn.

— Vumbi, — alisema Lukresia. — Nilikuwa nazuia vumbi.

— Mama Evelyn umeifunga kilemba ikiwa na homa, — alisema Rejeta, akacheka mpaka kahawa ikampalia, na Lukresia akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya ile aliyohitaji.

Evelyn alikuwa ameshapita dukani kwa Ashif, akapewa vipoza viwili vya kujaribu, kitakachofaa abaki nacho, kingine arudishe. Vilikuwa havifanani hata kidogo. Kimoja kifupi, kipana, cha alumini, feni yake imelala juu, inapuliza kwenda chini. Cha pili kikubwa, kirefu kama nyumba ya ghorofa, mapezi yake membamba yamepangwa kwa mamia, kitako cha shaba, na feni yake imesimama ubavuni, unaweza kuichomoa na kuigeuza unavyotaka.

— Weka hiki kikubwa, — alisema Rejeta papo hapo. — Hii si ndiyo rejeta yenyewe! Tazama mapezi. Kilichobaki ni kuitia maji.

— Maji, mzee? Kwenye umeme?

— Kidogo.

— Kikubwa kizito, — alisema Dotikomu. — Kitavuta bodi, ipasuke. Kifupi kinatosha. Sisi kule Dar tunafunga vifupi tu.

— Na Dar kwenyewe kuna joto kama jiko la shule, mnapozaje na hivi vidude? — aliuliza Rejeta.

— Ndiyo maana mashine za Dar hazidumu, mjomba, — alisema Evelyn, na Dotikomu akajifanya anatafuta bisibisi.

Wakafunga kifupi. Dotikomu akafuta uchafu wa zamani juu ya prosesa, akaomba dawa nyeupe ya kupaka katikati ili joto lipande. Rejeta akatoa kopo la grisi mfukoni. Akarudishwa nalo. Filemon akauliza kama mafuta ya kondoo hayafai, maana yeye yamemponya goti. Bahati Ashif alikuwa ameweka kichupa cha dawa ndani ya boksi.

Kompyuta ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka, na mtaa mzima ukajua.

Ilikuwa inalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Hata hivyo Lukresia akaisogeza redio karibu na spika, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kanda ikaanza kutembea. Sauti ya Primus ikatoka, nyembamba, mbali. Lukresia akashika ukingo wa benchi. Wimbo ukafika ubeti wa kwanza, wa pili, kompyuta haikuzimika. Wakapongezana kwa macho. Wakarudisha kanda nyuma, wasikilize.

Nyigu. Nyigu mtupu. Primus alikuwa huko nyuma kabisa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo.

— Bibi atasema mmemletea mzinga wa nyuki, — alisema Evelyn kwa sauti ndogo.

Lukresia alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa tayari.

Basi ikabidi kikubwa. Dotikomu akakifunga kwa heshima zote, akashika bodi kwa nyuma isipinde, na kikakaa, kimetulia, kimejaa mle ndani kama mgeni mnene kwenye kiti kidogo. Feni yake ilipojaribiwa ilikuwa inavuma taratibu tu, kama mtu anayelala vizuri. Sasa likaja swali ambalo lilimaliza birika la kwanza: feni iangalie wapi?

— Puani kwenda mkiani, — alisema Rejeta. — Gari linakunywa upepo kwa mbele, unapita kwenye rejeta, unatoka. Kasha hili lina pua, lina mkia. Ipulize kuelekea nyuma.

— Eliakim, — Filemon aliinua mkono, na akiinua mkono ujue ni hotuba. — Hii siyo gari. Gari linakwenda. Hii imekaa. Kitu kilichokaa kinafuata upepo wa mahali kilipokaa. Wewe umekaushia kahawa wapi, kwenye gereji?

— Sikukausha kahawa.

— Basi nisikilize. Kwenye mlima huu, mchana upepo unapanda, usiku unashuka. Baba yangu alikuwa anageuza trei za kahawa kwa kufuata huo. Ukibisha, kahawa inaota ukungu. Sasa ni mchana. Pua ya kompyuta inatazama wapi?

Walitazama. Kwa ajili ya ufupi wa waya, pua ya kompyuta ilikuwa inaelekea kaskazini, na juu ya mabati ya jirani kilele cha Kibo kilikuwa kimejifunika nusu kwa mawingu.

— Mlimani, — alisema Dotikomu.

— Upepo wa sasa unapanda. Kwa hiyo feni ipulize kwenda puani, iupeleke upepo mlimani. Usiku ukiitumia, igeuze.

— Kwa hiyo kila saa kumi na mbili nigeuze feni, babu? — aliuliza Evelyn.

— Sisi tuligeuza kahawa kila saa.

— Meku, hiyo ni noma, — alisema Dotikomu, akikuna kichwa. — Chuoni hawakutufundisha mambo ya mlima.

— Chuo chenu kiko Dar. Watafundishaje mlima wasiokuwa nao?

Rejeta akawaka. Akasema barafu ya Kibo wanavyoiona inazidi kupungua, ni kwa sababu ya watu kama Filemon wanaopuliza joto kuelekea huko. Filemon akajibu kwamba barafu imepungua tangu malori yaanze kufungwa breki na Rejeta, yanapanda mlima yakichemka bila kupumzika. Rejeta akasema basi kompyuta ipelekwe kwenye friji ya bucha, ikae kati ya maini na utumbo, waya upitishwe dirishani, na wimbo urekodiwe humo humo. Filemon akasema bora ipelekwe Kibosho, kule baridi ni ya bure. Dotikomu akakumbusha kuwa Kibosho kwa bibi hakuna umeme. Filemon akasema hilo ni tatizo la serikali, si la hoja yake.

— Kaka zangu, — alisema Lukresia, — jua linageuka.

Ndipo Dotikomu akamtazama Filemon, mzee wa watu, mvi mpaka kwenye nyusi, akakumbuka kwamba ndiye aliyempa shikamoo ya kwanza asubuhi ile. Akaichomoa feni, akaifunga ipulize kuelekea puani. Kuelekea mlimani.

Wakairudisha kanda mwanzo. Lukresia akabonyeza. Feni ikavuma taratibu, na sauti ya Primus safari hii ikatoka safi, nzito, kama yupo ndani ya kibanda anatafuta karatasi. *Mama, koleza moto, nimevuka mto. Mama, koleza moto, ninanyeshewa.* Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, *Mama, nani analia*... pu. Kioo kikawa cheusi.

Kidole cha Lukresia kilibaki juu ya kitufe. Kichwani mwake alikuwa anahesabu vitu vingine: mkono wa Ndelilio ulivyokuwa umepungua juu ya blanketi, kwamba mtu anaweza kukata wimbo katikati, lakini mzee hakatiki namna hiyo, yeye anaondoka tu na wewe hujui ni ubeti gani.

Rejeta, ambaye akishindwa huwasha sigara, akawasha sigara. Akainama juu ya kasha lililo wazi, akalitazama kwa huzuni kama anavyotazama injini.

— Eliakim, sigara yako huko! Nimekuambia mara ngapi, kahawa yangu inanuka...

Lukresia akaishia hapo. Dotikomu alikuwa ameiwasha kompyuta tena, feni zinazunguka, na moshi wa Rejeta ulikuwa umeingia ndani ya kasha. Haukutoka. Ulifika pale kwenye kipoza, ukasukumwa mbele; ule wa nyuma ukasukumwa nyuma; wa katikati ukabaki umesimama, unazunguka palepale juu ya prosesa, kama wageni wawili wanaopishana mlangoni, pita wewe, hapana pita wewe.

— Vuta tena, — alisema Lukresia.

— Mimi?

— Wewe. Vuta, mpulizie humo ndani.

— Mama Evelyn, tangu nikujue...

— Vuta, Eliakim!

Akavuta. Wakakusanya vichwa. Moshi ukafanya vilevile.

— Ah! — Dotikomu alijipiga paji. — Kuna feni nyingine hapa mgongoni mwa kasha, ile ya kutolea. Inavuta kwenda nyuma. Hii yetu inapuliza kwenda mbele. Zinanyang'anyana upepo, joto halitoki.

— Nilisema! — Rejeta aliruka. — Puani kwenda mkiani! Nilisema au sikusema?

— Ulisema na maji pia, — alisema Evelyn.

Filemon aliutazama moshi kwa muda mrefu. Halafu akautazama mlima.

— Upepo unapanda, — alisema taratibu. — Hilo mimi sikukosea.

— Hukukosea, meku, — alisema Dotikomu, anageuza feni. — Nje ni hivyo hivyo. Humu ndani wana utaratibu wao.

Na hilo likamridhisha mzee, akaomba kashata.

Feni ilipogeuzwa, Rejeta akavuta mara ya mwisho, na moshi ukaingia kwa mbele, ukapita kwenye mapezi ya kile kipoza, ukatoka kwa nyuma mstari mmoja, kama umeitwa. Dotikomu akafunga ubavu wa kasha. Evelyn akakichukua kile kitambaa cha njano mezani, akakikunja, akakiweka kwenye kapu la mama yake.

— Sasa, — alisema Lukresia, — atakayekohoa simmiminii kahawa mpaka Krismasi.

Akabonyeza.

Sidhani kama benchi lile liliwahi kunyamaza kiasi kile. Rejeta aliishika sigara iliyozimika. Filemon alivua kofia, akaiweka magotini kama kanisani. Mtu mmoja mgeni, amevaa koti la suti na bahasha mkononi, alifika kutaka fotokopi ya cheti. Evelyn akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, naye akasimama palepale alipo, mguu mmoja mbele.

*Mama, koleza moto, nimevuka mto.* Ubeti wa kwanza. *Mama, nani analia jikoni kwako.* Wa pili ukapita. Chini yake feni inavuma, taratibu, haipandi haishuki. Wa tatu. Wimbo ukafika mwisho, Primus akaivuta sauti ya mwisho kama alivyowafundisha wanakwaya wake, akaiachia. Ikaisha. Nzima.

Evelyn akanyoosha mkono azime redio. Lakini kompyuta ilikuwa haijamaliza. Pale mwaka themanini na nane Primus alikuwa hajazima redio ya watu, na sasa akakohoa, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ya nyumbani, ile ambayo hakuna mtu anayeimbia:

— Lukresia. Hebu funga hilo dirisha, upepo unaimba kutushinda.

Mkono wa Evelyn ukabaki hewani. Lukresia alikuwa amelisahau hilo. Kila mara walipokuwa wanausikiliza wimbo walizima unapoisha. Nani husikiliza baada ya mwisho? Alingoja. Baada ya maneno yale haukuja mlio wa komeo wala hatua, ulikuja mvumo tu, mrefu, mpaka sauti yenyewe ikakatika.

— Samahani, — alisema yule mgeni mwenye bahasha, kwa adabu kabisa. — Sasa huyo Lukresia alilifunga?

— We! — Dotikomu aliruka. — Kanda inatembea! Umeingia kwenye kanda!

Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa. Rejeta alimtazama Filemon, Filemon akamtazama Evelyn. Evelyn wakati ule alikuwa mgongoni kwa mama yake, angejua nini? Wakarudisha kanda nyuma, wakasikiliza ule mvumo. Rejeta akasema huo ni upepo wa Kibosho, dirisha liko wazi. Dotikomu akasema huo ni wa feni yetu. Filemon akasema ni vyote viwili, na hakuna wa kuvitenganisha. Hatimaye wote wakamgeukia Lukresia.

Lukresia alitafuta. Aliliona dirisha, la mbao, rangi ya bluu imebanduka. Aliiona redio juu ya kigoda, na shingo ya Primus kwa nyuma. Akasikia hata harufu ya kahawa iliyotandazwa uani. Lakini mkono wake mwenyewe hakuuona, kama ulinyanyuka au haukunyanyuka.

— Sijui, — alisema.

— Tuufute huu mwisho? — aliuliza Evelyn. — Turudie bila huyu mgeni?

— Acha. Gari litaniacha.

Walifika Kibosho jua limeshaegemea upande wa Machame. Bibi Ndelilio alikuwa amegeukia ukutani. Lukresia alikaa kitandani, akaweka redio kwenye mto, karibu na sikio, akabonyeza. Mwanzoni bibi hakujitikisa. Ubeti wa pili mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukatafuta redio, ukaikuta, ukabaki juu yake hapo hapo, kama mtu anavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Wimbo ukaisha. Primus akakohoa, akasema yake kuhusu dirisha. Halafu yule baba wa bahasha akauliza swali lake, yakafuata makelele ya Dotikomu, na kanda ikakatika.

Bibi Ndelilio aligeuza uso kuelekea mahali alipodhani Lukresia yupo.

— Lukresia.

— Naam, mama.

— Mumeo amekuambia ufunge dirisha. Na yule mtu naye anauliza. Mbona hujibu?

Lukresia alisimama. Nje upepo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, unaingia na ubaridi wake. Akaenda kwenye dirisha lilelile, akauvuta ubao wa bluu, akasukuma komeo mpaka likagonga.

— Nimelifunga, mama.

— Haya, — alisema bibi. — Sasa nipe huo mtori, halafu mrudishe Primus mwanzo.